Picha Yako Imekula Bando Yangu

"Kijana, hiyo linki yako imekula bando yangu yote na kiti sijakiona."

Ujumbe huo ulinifikia Jumamosi moja asubuhi na hadi leo sijaufuta. Aliyeutuma ni mama mmoja wa Kitale aliyekuwa anatafuta seti ya makochi. Linki yenyewe ilikuwa ya ukurasa niliomtengenezea mjomba wangu, fundi wa mbao hapa Lugulu. Karakana yake iko kando ya ile barabara ya Webuye kwenda Kitale, kwa hivyo wateja wake wengi ni watu wanaopita na matatu. Wanaona kochi limewekwa nje, wanachukua namba, halafu jioni wakiwa nyumbani ndio wanauliza bei. Mjomba anajua mbao. Mimi nilikuwa nimemwambia najua mtandao.

Mpango ulikuwa rahisi. Napiga picha, naziweka kwa ukurasa, yeye anatuma linki kwa yeyote anayeuliza. Nikapiga picha 24. Nilizipiga asubuhi mapema wakati jua linaingia karakana kwa ubavu, na sitajifanya mnyenyekevu hapa, zilitoka fiti. Ungeona hadi mistari ya mbao. Nikazipandisha vile zilivyo, kutoka kwa simu moja kwa moja, nikajipiga kifua. Nilizijaribu nikiwa saiba kwa waifai ya mwenyewe na ukurasa ukafunguka chap chap.

Kila picha ilikuwa karibu megabaiti nne. Piga hesabu: 24 mara nne ni 96. Yaani kuona makochi ya mjomba wangu kulimgharimu mtu karibu megabaiti 100. Yule mama alikuwa amenunua bando ya mbao (shilingi ishirini, si mbao za mjomba) na alikuwa anategemea imsukume. Ukurasa wangu ukaanza kumshushia picha kadhaa kwa pamoja, kila moja ikifika juu juu tu, halafu bando ikakata. Alichoona ni dari ya karakana mara sita. Makochi yalikuwa sehemu ya chini ya picha, na hakuna picha iliyofika chini.

Akanunua kwingine. Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa, mpwa," akaendelea kupiga randa. Manze, afadhali angenigombeza.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na najua kuna wasee wenzangu wa kamera utawakera. Kutayarisha picha kabla ya kuiweka mtandaoni si mambo ya wataalamu, na si hiari. Ni adabu. Wewe unalipa data mara moja tu, unapopandisha. Kila anayeitazama naye analipa yake, kutoka mfuko wake, kabla hajajua kama picha ilistahili. Kumpandishia mtu picha ya megabaiti nne ili aone kiti kimoja ni kama kumwalika chai halafu unamwambia aje na maziwa, sukari na kuni.

Najua jibu lenu. "Buda, bando siku hizi ni rahisi. Waifai iko kila ploti. Hizo ni shida za ushago." Sawa. Wewe uko Kasarani na waifai ya ploti, lakini unayetaka akuone ako wapi? Mathe wako ako wapi? Mteja wangu alikuwa Kitale mjini, si msituni, na bado alihesabu. Halafu kuna ile safari ya matatu kati ya Misikhu na Kamukuywa ambapo network inashuka hadi inaandika herufi E, na hiyo E haijali ulinunua bando ya ngapi. Tena simu za watu wengi zimejaa. Simu ikijaa, ukurasa mzito unaigandisha hata kama data iko ya kumwaga.

Shida inaanzia dukani. Tunanunua simu kwa megapikseli. Bango linasema 50, mwingine anasema 108, na sisi tunabishana nazo kama mabao ya mpira. Sasa fikiria hivi. Picha ya kawaida ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, jumla milioni 12. Simu nyingi za bei ya chini ambazo watu wetu wanashika zina kioo chenye upana wa pikseli 720. Mia saba na ishirini! Unamtumia mtu pikseli 4,000 za upana kwenye kioo cha 720, na simu yake, baada ya kulipia zote, inazibana ili zitoshe. Nyingine zote zimetupwa, lakini zilishalipiwa. Hata Instagram yenyewe huwa haionyeshi picha kwa upana unaozidi pikseli 1,080, na hujawahi kusikia mtu akilia kwamba Instagram haionekani vizuri.

Kwa hivyo nilirudi saiba na kurekebisha. Sikufundishwa haya kampasi, na kwa vile nilitoka kabla sijamaliza, labda wangefika huko, sijui. Nilijifunza kwa kuharibu.

Kitu cha kwanza ni kuchagua, na hapa ndipo wengi tunashindwa kwa sababu tunapenda picha zetu sana. Kati ya zile 24, kumi na tano zilikuwa kochi lilelile kwa pembe tofauti kidogo. Hakuna mteja anataka hiyo. Zikabaki tisa. Kabla ya programu yoyote, kufuta tu kulikuwa kumeshampunguzia mtu zaidi ya nusu ya mzigo.

Ya pili ni kukata. Ile dari aliyoiona yule mama mara sita haikuwa na kazi yoyote kwa picha. Wala ile ndoo. Wala mguu wa mwanafunzi wa mjomba. Ukikata pembeni, kochi linakuja mbele na faili inapungua kwa wakati mmoja. Nyoosha na mstari wa sakafu ukiwa hapo, kwa sababu kochi lililoinama kwa picha linamfanya mtu ashuku fundi.

Kisha ndio upana. Nilishusha kila picha hadi pikseli 1,200 kwa 900. Hiyo ni pikseli milioni moja na kidogo badala ya milioni 12, yaani umegawanya kwa 11, na kwa kioo cha simu macho hayaoni tofauti. Ukipunguza hivyo, picha hulainika kidogo, kwa hivyo unaiongezea makali kidogo mwishoni. Kidogo. Kuna wasee wanaongeza makali hadi ukucha unaonekana kama panga.

Halafu unahifadhi kwa JPEG, na hapa wacha nikae kidogo, kwa sababu ndipo kuna siri. JPEG imekuwepo tangu 1992, imewazidi umri wengi wenu mnaosoma hapa. Inachofanya ni kuigawa picha katika viraba vidogo vya pikseli nane kwa nane, halafu ndani ya kila kiraba inatupa zile tofauti ndogo ambazo jicho la binadamu haliwezi kuziona vizuri. Jicho letu linashika mwanga na giza vizuri kuliko linavyoshika rangi, kwa hivyo JPEG inabana rangi zaidi. Wewe unaiambia itupe kiasi gani kwa ile namba ya ubora. Ukiweka 100 haitupi karibu chochote na faili inabaki nzito. Ukiweka 30 vile viraba vinaanza kuonekana, hasa angani na kwenye ngozi. Kati ya 75 na 80 ndiyo sehemu tamu. Picha za mjomba zilitoka karibu kilobaiti 150 kila moja. Zote tisa kwa pamoja hazikufika megabaiti moja na nusu. Kutoka 96.

Lakini kile JPEG imetupa hakirudi. Ukifungua picha, ukairekebisha, ukaihifadhi tena kwa JPEG, inatupa tena. Kesho tena. Ni kama ile fotokopi ya fotokopi ya kitambulisho, mwisho wa siku polisi anakuuliza kama huyo kwa picha ni wewe ama ni babako.

Hilo nililijua kwa kichwa. Nililijua kwa moyo Kukhu alipofariki.

Kukhu ni nyanya yangu. Krismasi ya mwisho akiwa nasi nilimpiga picha akiwa ameketi chini ya mwembe, leso ya kichwa imekaa sawa, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Ndiyo picha yake nzuri kuliko zote. Niliituma kwa grupu ya familia WhatsApp, kila mtu akaweka mioyo, na baada ya wiki mbili simu yangu ikajaa. Nikafuta. Nilijiambia si iko kwa grupu. Baadaye simu ikaharibika, nikapata nyingine, na zile jumbe za zamani za grupu hazikuja.

Wakati wa mazishi watu wa kamati wakasema Kukhu lazima awe kwa jalada la kile kijitabu cha wasifu, na pia kwa bango la lango. Wakaniangalia mimi, si ndiye mtu wa picha. Tukaitafuta ile picha kila mahali. Aliyekuwa nayo alikuwa binamu mmoja ambaye hakuihifadhi hata, alikuwa amepiga skrinshoti ya stetasi ya mtu mwingine. Upana wa pikseli 720, na uso wa Kukhu ulichukua labda theluthi ya hapo. Kuchapa ukurasa mzima wa A4 vizuri, kwa nukta 300 kwa inchi, kunataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Mimi nilikuwa na uso wa pikseli mia mbili na kitu. Yule kijana wa kuchapisha alinitazama kwa huruma akasema, "Hii haitoshi, lakini tutajaribu."

Wakajaribu. Watu wakakaa kwenye viti vya plastiki wakiwa wameshika kile kijitabu, na macho ya Kukhu yalikuwa viraba. Vile viraba vya nane kwa nane nilivyokuwa naelezea watu kwa raha. Mtu mmoja mzee aliuliza kama wino uliisha.

Kwa hivyo mniskie vizuri, sisemi punguza picha zako zote. Kosa langu kwa makochi na kosa langu kwa Kukhu ni kosa moja. Nilidhani picha ni kitu kimoja. Picha ni mbili. Kuna ile nzito, uliyopiga, ambayo haiguswi, haikatwi, haitumwi, inakaa. Na kuna nakala nyepesi unayoitengeneza kutoka kwa hiyo ili iende kwa watu. Ukiweka ile nzito mtandaoni unawaibia watu. Ukibaki na ile nyepesi peke yake unajiibia mwenyewe, na wizi huo hauuoni hadi siku kama ile.

Kwa vitendo ni hivi. Kabla sijabadilisha chochote natengeneza folda mbili, moja naiita asili na nyingine wavuti, na programu yoyote inayotaka kuhifadhi juu ya faili ya kwanza naikatalia. Asili zinakaa mahali pawili, kadi ya memori na diski ya saiba ya rafiki yangu, kwa sababu mahali pamoja ni sawa na hakuna mahali. Mtu wa familia akitaka picha ya kuchapa, simtumii kama picha ya kawaida ya WhatsApp kwa sababu WhatsApp yenyewe inaibana. Namtumia kama hati, ile njia ya kutuma faili za PDF, na inafika ilivyo. Tangu 2023 kuna pia kitufe cha HD, kinasaidia, lakini hata hicho kinabana. Hati ndiyo salama.

Programu za kupunguza hazihitaji laptop wala doh. Snapseed ni ya bure na inafanya kazi kwa simu yoyote ya maana. Unakata, unanyoosha, na kwa mipangilio yake unachagua upana na ubora wa kuhifadhi. Ninayoipenda zaidi inaitwa Squoosh, ilitoka kwa watu wa Chrome kule Google mwaka 2018. Unaifungua kwa brauza, picha haiendi popote, kazi yote inafanyika ndani ya simu yako. Inakuwekea picha ya awali upande mmoja na iliyobanwa upande wa pili, na mstari katikati unaousogeza kwa kidole. Nilimwonyesha mjomba. Akausogeza kushoto, akausogeza kulia, akaniuliza ni upi ule mzito. Hakuweza kujua, na huyo ni mtu anayeona mbao iliyopinda kwa milimita moja.

Kuna fomati nyingine, WebP, ya Google pia, ya 2010, na kwa ubora uleule inaweza kupunguza robo hadi theluthi ya kile JPEG inatoa. Kwa ukurasa wako mwenyewe itumie. Lakini usimtumie mtu wa kuchapisha, atakupigia simu akuulize ni virusi gani umemletea. Na kama picha yako ni bango la maandishi, tangazo la mechi ama la harambee, iweke PNG. JPEG kwa maandishi inaacha uchafu kando ya herufi, kama mtu amefuta kwa raba yenye mafuta.

Sasa kuna kitu kingine kinachobebwa na picha ambacho hakionekani kabisa, na hapa sicheki. Kama kamera ya simu yako ina ruhusa ya kujua mahali ulipo, inaandika mahali hapo ndani ya faili. Latitudo, longitudo, tarehe, saa, hadi aina ya simu. Desemba 2012 John McAfee, yule wa antivirasi, alikuwa mafichoni, polisi wa Belize wakimtafuta wamhoji kuhusu kifo cha jirani yake. Wanahabari wa Vice waliokuwa naye wakaweka picha yake mtandaoni moja kwa moja kutoka kwa simu, na ndani ya picha mlikuwa na sehemu kamili alipokuwa, Guatemala. Siku chache tu akakamatwa. Mitandao mikubwa ya kijamii huondoa hizo taarifa kwa picha inayoonekana na watu, lakini ukurasa wako mwenyewe unaweza usiziondoe, na ile njia ya hati niliyoisifu hapo juu inazibeba zote. Squoosh huziacha nyuma. Na unaweza kuzima mahali kwa mipangilio ya kamera, sekunde kumi.

Nalisema hili kwa sababu ya Agosti. Huku kwetu Bungoma, na Trans Nzoia pia, kila mwaka wa shufwa, 2022, halafu 2024, Agosti ni ya kutahiri. Vijana wanazunguka na njuga kualika jamaa, asubuhi ya siku yenyewe wanapakwa matope mtoni, na sisi wote wenye simu tunakimbia kando yao. Naelewa, ni picha kali kuliko zote utakazowahi kupiga. Nyimbo, vumbi, ukungu wa saa kumi na mbili. Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili aliyesimama uchi mbele ya boma lao, uso unaonekana, na ndani ya faili kuna ramani hadi mlangoni? Hiyo si kontenti. Mimi mwenyewe nilikuwa na picha kama hizo kwa ukurasa wangu na nilizitoa. Niliacha ya miguu na njuga, niliyokata kiunoni, na moja ya umati kwa nyuma.

Na si adabu tu, ni sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu moja ya Nairobi ikapigwa 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekuwa anajivinjari tu. Hizo ni pesa za kununua karakana ya mjomba, mashine, na barabara ya kufika hapo. Kwa hivyo kuuliza "naweza kuiweka?" nayo ni sehemu ya kutayarisha picha, tena inakuja kabla ya kukata. Wakati mwingine jibu ni hapana na kazi inaishia hapo.

Jambo la ngozi nalipitia haraka kwa sababu linanipandisha presha. Simu nyingi zinakuja na urembo umewashwa tayari. Unampiga msichana wa Lugulu picha, inatoka ya binamu yake wa sayari nyingine. Kurekebisha mwanga ni sawa, tena kwa watu weusi kwenye chumba chenye giza inabidi, inua vivuli kidogo, mtu aonekane. Kumng'arisha ngozi ni kitu kingine kabisa. Kwa viti sijawahi kuona mtu akibadilisha rangi ya mvule ili ipendeze, juu mteja atakuja na aone si hiyo. Sijui kwa nini watu tunawapa heshima ndogo kuliko makochi.

Na maandishi, jameni. Picha inaitwa IMG halafu namba kumi na nne. Ipe jina: seti-ya-makochi-mvule-lugulu. Mtu akitafuta makochi Lugulu, gugo inasoma jina pia. Kisha kwenye ukurasa kuna sehemu ya kuandika maelezo ya picha. Andika sentensi moja ya kweli, "Seti ya makochi ya mvule, viti saba, kitambaa cha kahawia." Asiyeona anasomewa hiyo na simu yake. Na yule aliye na E kati ya Misikhu na Kamukuywa anapata maneno kabla picha haijafika. Yule mama wa Kitale angekuwa na hata hiyo sentensi moja, angejua kiti kipo.

Nilimtumia ukurasa mpya baadaye, na kredo ya soo moja ya kuomba msamaha. Akasema umefunguka. Makochi alikuwa ameshanunua, lakini ana dada Kiminini anayetafuta meza ya kulia. Mjomba alitengeneza meza, nikaipiga picha tatu, tukatuma mbili.

Siku hizi mjomba hanikubalii niweke kitu bila yeye kuuliza. Kilobaiti anaziita kilo. Anasimama mlangoni na vumbi la mbao kwa nywele, ananitazama nikishika simu. "Hiyo ina kilo ngapi?" Namwambia 140. Anafikiria kidogo, kama mtu anayepima ubao.

"Na ile kubwa umeiweka wapi?"